Nyundo za Sufu

Piano za Halifax hazina siri
ukishazifungua kifua.
Mimi huanza na nyundo kabla ya nyuzi:
themanini na nane, zote zimevaa sufu,
na nne za katikati, daima zile zile nne,
zimechimbika
kama kisigino cha kiatu cha tarishi.

Mwaka wa kwanza nilidhani ni nondo.
Mwaka wa pili nikasingizia unyevu, maana huku Yorkshire
mvua haipigi hodi, ni mpangaji wa siku nyingi.
Ilinichukua vitabu vitatu vya stakabadhi kuelewa:
nikishamaliza kazi, mwenye piano hufuta mikono kwa aproni,
huketi, hukohoa kidogo,
na kwa kujaribu tu, aone kama imekaa sawa,
hupiga ule wa mwamvuli.

Desmond Illingworth, mwenye baa, huugonga
mpaka bilauri zinaitikia rafuni.
Kanisani kwa Wamethodisti umevalishwa kanzu,
unapigwa taratibu sahani ya sadaka ikizunguka,
na waumini wanachezesha vidole ndani ya viatu
wakidhani ni Roho.
Zeeshan, miaka kumi, anaujua kwa mkono mmoja.
Alifundishwa na simu ya halmashauri
siku mama yake aliposubiri, na kusubiri,
kuongea na mtu kuhusu boila.

Enid Ackroyd wa Pellon Lane ndiye aliyekuwa na karatasi zake.
Mchezo wa kuimba, London, baridi ya mwaka thelathini na nne,
kisa cha muuza miamvuli
aliyemwazima mteja mzuri mwamvuli wake wa mwisho.
Usiku kumi na saba, basi.
Magazeti yakaandika, kwa Kiingereza chao,
kwamba la kuvunda halina ubani.
Mtunzi akarudi kwenye kazi ya bima.
Mwimbaji akaolewa Kanada.
Pazia jekundu likanunuliwa na shule, likakatwa makoti ya Krismasi.
Wimbo peke yake ukatokea mlango wa nyuma,
kichwa wazi,
ukadandia treni ya kaskazini.

Umedondosha vitu njiani.
Ubeti wa pili hakuna aujuaye.
Jina la muuza miamvuli limefutika hata kwenye karatasi,
pale zilipokunjwa.
Enid ana mstari mmoja tu,
*umeniachia mvua yote,*
na hata huo, asema,
huenda ni Wilf aliyejitungia jikoni.

Wilf, mumewe, alikuwa akikosea noti ya tisa.
Miaka arobaini na moja.
Inapotakiwa kupanda, yeye alishuka,
na nyumba nzima ikashuka naye, mbwa akiwemo.
Kwa hiyo katika piano ile, peke yake mjini,
nyundo zilizoliwa ni tano.
Nilipoishika ya tano niivishe sufu mpya
Enid alifunika vibao kwa kiganja.
"Hiyo iache," alisema. "Hiyo si mbovu. Hiyo ni Wilf."

Nikaiacha. Nikamwandikia nyundo nne.

Piano hiyo iliuzwa mwezi wa pili,
wiki moja baada ya mazishi,
kwa kijana mwenye gari la mizigo na haraka.
Sijui iko wapi. Siku hizi nikifungua piano yoyote
huhesabu kwanza.

Nyumbani kwetu hatuna piano; mganga hajigangi.
Lakini jana asubuhi Zuhura, binti yangu,
alikuwa ameinama mlangoni akifunga kamba za viatu
na kupiga mluzi.
Ulikuwa ule.
Sikumfundisha. Labda nami hupiga mluzi nikikaanga mayai,
labda kuta zina masikio na pia zina midomo.
Noti ya saba. Ya nane.
Nikashikilia kikombe.

Akashuka.

Kisha akachukua mwamvuli wangu bila kuuliza,
akaenda shule.